Vitz na laki nne mkononi: tairi mpya za Kichina au mtumba wa Japani?

#1 Kidali wa Goba
Wakuu salaam. Nina Vitz ya 2006, ile ya injini ndogo, rimu 14, saizi ya tairi 165/70. Mwezi wa pili nilinunua tairi nne za mtumba Kariakoo, elfu 60 kila moja. Muuzaji aliniapia ni Japani tupu, "hizi bosi utamrithisha mtoto". Sasa ni mwezi wa kumi na moja na zile mbili za mbele zimekwisha upande wa ndani, kipara mpaka nyuzi zinachungulia. Upande wa nje kashata (yale meno ya tairi) bado zipo, ukisimama pembeni ya gari huwezi kujua kitu. Za nyuma ziko salama.

Sibebi mizigo. Ni mimi, mke na mtoto, Goba mpaka Posta hapa Dar na kurudi. Juzi trafiki aliinama pale Makongo, akatazama upande wa nje, akaniruhusu. Angeinama kidogo zaidi ningeandikiwa.

Bajeti ni laki nne, na ndani yake kuna ada ya mtoto inayonikodolea macho. Nichukue mpya za Kichina au nirudi kwenye mtumba? Na je, kosa ni la tairi au la gari?

#2 Bwana Mizaha
Muuzaji hakukudanganya. Alisema utamrithisha mtoto, hakusema zitakuwa na kashata.

#3 Fundi Asiyelipwa
Mkuu usinunue kitu kwanza. Ukifunga tairi mpya kwenye gari hilo zitakwisha vilevile, tena kwa uchungu zaidi maana utakuwa umelipa mara mbili. Tairi mbili za mbele kwisha ndani kwa pamoja ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka. Ncha za mbele za magurudumu zimefunguka kuangalia nje, kwa hiyo gari likienda mbele kila tairi linaburuzwa kidogo kwa ubavu. Huoni, husikii, lakini mpira unasagika kila mita.

Pandisha gari juu, shika gurudumu saa tatu na saa tisa, litikise. Likicheza, angalia tairodi endi, ile ncha ya fimbo ya usukani inayoshika gurudumu. Kisha shika saa kumi na mbili juu na saa sita chini, likicheza ni bolijointi au beringi. Bushi za lowa amu, ile mipira ya mkono wa chini unaoshika gurudumu, nazo uzitazame kwa tochi, zikipasuka gurudumu linajiendea linavyotaka ukikanyaga breki.

#4 Bwana Mizaha
Fundi, saa kumi na mbili na saa sita kwa Kiswahili ni mahali pamoja tu au nimelewa?

#5 Fundi Asiyelipwa
#4 umeelewa nilichosema. Juu na chini. Haya.

#6 Mama Wawili
Kidali pole. Kabla hatujafika kwenye mabushi, ulisoma tarehe ya hizo tairi? Na zimeandikwa nini ubavuni? Nina Passo, nimeshaumwa na nyoka huyo huyo.

#7 Kidali wa Goba
Tarehe? Tairi lina tarehe?

#8 Mwalimu wa Hesabu
Ndugu #7, linayo. Tafuta herufi DOT ubavuni, ufuatilie mpaka mwisho wa mstari ambako kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta namba tatu tu, hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, lipeleke makumbusho.

Namba hizo huwa upande mmoja tu wa tairi. Fundi akifunga upande wenye namba ukaangalia ndani, itabidi ulale chini kama trafiki mwenye bidii.

#9 Dereva wa Usiku
Mimi ni mtu wa gari la mtandao, nalala na tairi naamka na tairi. Nikupe hesabu ya mtaani. Natembea kama kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 3,900 kwa mwezi. Tairi la mtumba la elfu 60 lilikuwa linanipa miezi minne. Mpya ya Kichina ya laki na thelathini inanipa miezi kumi na moja. Pigeni wenyewe.

#10 Mwalimu wa Hesabu
Naipiga. Mtumba: 60,000 gawanya kwa kilomita 15,600, ni kama shilingi 3.85 kwa kilomita. Mpya: 130,000 gawanya kwa 42,900, ni kama shilingi 3.03. Mtumba ni ghali zaidi, na hapo sijaweka pancha, fundi wa kufungua na kufunga mara tatu, na siku unayopoteza.

#11 Mama Wawili
Hesabu nzuri ila ni ya dereva. Mimi natembea kilomita 20 kwa siku, kazini na shule, hazifiki 6,300 kwa mwaka. Kwa hesabu yenu tairi mpya litanichukua karibu miaka saba! Kabla kashata hazijaisha mpira utakuwa umekauka na kupasuka ubavuni kwa jua la Dar. Kwa mtu wa mwendo mdogo kinachoua tairi ni umri, kilomita hazimfikii. Sasa kwa nini nilipie chapa ya bei kubwa inayojisifu kwa kilomita nyingi? Nachukua mpya ya bei ya chini, nachokagua ni tarehe tu.

#12 Dereva wa Usiku
#11 hapo umenishika dada. Sikuwahi kufikiria hivyo.

#13 Chapa Lapa
Mnamtisha bure kijana. Mimi nimeendesha mtumba miaka kumi. Siri ni kuchagua. La mwisho lilinipeleka mwaka na nusu, Tabata–Mwenge kila siku. Nilipanga foleni siku kontena linafunguliwa, nikachagua kwa mkono wangu kabla wachuuzi hawajapaka ile dawa nyeusi. Tairi likishang'aa kama kiatu cha bwana harusi, ujue limeshafichwa kitu.

#14 Fundi Asiyelipwa
#13 ongezea na kuchonga. Kuna watu wanachukua kipara, wanachora mifereji upya kwa kisu cha moto. Ukitazama haraka unaona kashata. Ingiza njiti ya kiberiti kwenye mfereji, utafute vile vidaraja vidogo vinavyovuka chini ya mfereji, huwa kwenye kimo cha milimita 1.6. Mfereji ukipita chini ya kidaraja, au kidaraja kikikosekana, hilo limechongwa. Kwenye tairi za Japani kuna kipembetatu kidogo ubavuni kinachokuonyesha kidaraja kilipo.

Na uangalie ndani ya tairi kabla halijafungwa. Ndani ndiko kuna siri, viraka vyote viko huko.

#15 Kidali wa Goba
Nimelala chini na tochi, majirani wanadhani nimeibiwa. Majibu: za mbele zote mbili zimeandikwa 3715. Za nyuma 0818. Halafu za mbele zina neno STUDLESS na chini yake 81Q. Za nyuma hazina neno hilo, ni 81S. Hii STUDLESS ni chapa gani? Ni ya maana?

#16 Mama Wawili
HAPO. Nilijua. Nyoka yule yule.

Hiyo si chapa. Ni tairi la theluji. Wajapani wa kaskazini wanafunga hizo msimu wa baridi, ukiisha wanafungua wanarudisha za kawaida, ndiyo maana huko kunakuwa na marundo ya tairi zenye kashata nene zinazotafuta mnunuzi. Mpira wake ni laini makusudi ili usiwe mgumu kwenye baridi kali. Mlete kwenye lami ya saa nane mchana Morogoro Road, unalika kama sabuni. Zangu ziliisha miezi saba. Na breki za mvua zilikuwa za kumwomba Mungu.

Ukiona majina kama Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx, ni tairi nzuri sana, huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani.

#17 Mwalimu wa Hesabu
#16 sahihi. Na 3715 ni wiki ya 37 ya 2015, yaani Septemba. Ndugu yetu alinunua theluji ya miaka karibu kumi. Hiyo herufi Q nayo ni mwendo wa juu, kilomita 160 kwa saa, S ni 180. Namba 81 ni mzigo, kilo 462 kwa tairi moja.

Kuna alama nyingine: tairi za theluji zina vidaraja vya ziada virefu kuliko vya kawaida. Kashata zikifika hapo, nusu imekwisha na kwenye theluji halifai tena. Ndipo linapoanza safari ya kuja kwetu.

#18 Bwana Mizaha
Kidali usiyatupe. Siku theluji ikianguka Goba utakuwa mtu pekee anayefika Posta.

#19 Fundi Asiyelipwa
Samahani, mnakimbia. Mpira laini ungeisha upana mzima. Yeye ameisha NDANI tu, nje kashata zipo. Theluji haichagui upande. Nasimama na #3.

#20 Mama Wawili
Fundi, laini huisha haraka, na alaimenti ikiwa mbovu kidogo tu, laini huonyesha kwanza. Tairi gumu lingevumilia mwaka mzima bila kusema. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli.

#21 Dereva wa Usiku
Mimi naona la tatu. Goba mnayoijua ni vilima na kona. Unashuka umekata usukani, umekanyaga breki, uzito wote uko mbele. Gari la jamaa yangu wa Madale linakwisha mbele hivyo hivyo, na alaimenti anafanya kila miezi sita.

#22 Kijana wa Jang'ombe
Salaam kutoka Unguja. Na upepo je? Mimi yangu iliisha kwa upepo mchache, nilikuwa najaza kwa kubonyeza kwa kidole tu.

#23 Mwalimu wa Hesabu
#22 upepo mchache huisha pande zote mbili, ndani na nje, katikati panabaki. Ukizidisha panaisha katikati. Upande mmoja tu si upepo. Ila kidole si kipimo, bwana. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna karatasi. Kijapani wanaandika kwa kPa, 220 ni kama psi 32. Na upime asubuhi kabla hujatembea.

#24 Chapa Lapa
Na wakati wa jua kali unapunguza kidogo ili tairi lisipasuke. Kila dereva anajua.

#25 Mwalimu wa Hesabu
#24 hapana, hapana, hapana. Upepo ukipungua ubavu unakunjwa kila mzunguko, unapata moto, na moto ndio unaopasua. Wanaopasukiwa kati ya Chalinze na Segera wengi wao upepo ulikuwa pungufu tangu nyumbani. Hicho kipimo cha asubuhi kilishahesabu kwamba tairi likipata moto upepo utapanda.

#26 Chapa Lapa
Nimeendesha mabasi madogo miaka kumi na miwili na nilikuwa napunguza. Sijapasukiwa. Basi.

#27 Bwana Mizaha
Mwalimu kaandika "hapana" tatu. Darasa limeisha.

#28 Kidali wa Goba
Jamani, kuna kitu nilisahau kusema. Mwezi wa kwanza, kabla ya kununua hizi tairi, nilibadilisha stelingi raki, ule mtambo wa usukani unaogeuza magurudumu. Fundi wa mtaani, chini ya mwembe. Alaimenti aliipiga kwa kamba, aliifunga kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele akafumba jicho moja.

#29 Fundi Asiyelipwa
UNGESEMA TANGU #1!!! Watu wamefika Hokkaido wakarudi!

Ukifungua raki, tairodi zote mbili zinaguswa. Hapo ndipo ncha zinapofunguka. Kesi imekwisha.

#30 Jamaa wa Donholm
Habari wandugu, nawasoma kutoka Nairobi. Hiyo kamba msiidharau sana, kuna mzee Kirinyaga Road anapima na kamba na mashine inakuja kukubaliana na yeye. Shida ni mkono, si kamba.

Huku kwetu hii mambo ya studless iko pia. Mimi nilikuwa nanunua Yana za kutengenezwa Nairobi, ile kiwanda ilianza kama Firestone. Ikafunga kutengeneza 2016, ikawa inaleta tairi kutoka nje kwa jina lile lile. Tangu hapo nanunua tu za Kichina na Kihindi, na sijalia.

#31 Mzee Kabati
Wanangu, #30 amenikumbusha. Tulikuwa na General Tyre Arusha, ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Serikali na wabia wa kigeni. Tairi la Arusha ulilifunga kwenye Land Rover ukasahau. Leo tunabishana kuhusu theluji. Ilikufa kwa sababu milango ilifunguliwa kila tairi likaingia.

#32 Dereva wa Usiku
Shikamoo mzee. Mimi nilisikia mtaji ndio uliisha, mitambo ilichakaa, madeni.

#33 Mzee Kabati
Marahaba. Yote hayo. Lakini mtaji unaishaje kama watu wananunua tairi lako?

#34 Chapa Lapa
Watu walikuwa hawalinunui mzee, tuseme ukweli. Lilikuwa gumu na bei juu.

#35 Mzee Kabati
Wewe ulikuwa unapunguza upepo, huwezi kujua.

#36 Bwana Mizaha
😂😂 Mzee kapita bila kusimama kwenye tuta.

#37 Kidali wa Goba
Fundi #29, tatizo ni hili: nilipolinunua gari, miaka mitatu iliyopita, lilikuja na tairi zake. Nazo ziliisha ndani. Taratibu, lakini ndani. Wakati huo raki ilikuwa ile ile ya kiwandani, haijaguswa.

#38 Fundi Asiyelipwa
Mh.

#39 Mama Wawili
Kesi imefunguliwa upya.

#40 Mbongo wa Leeds
Habarini, nimekaa pembeni nasoma muda mrefu. Springi je? Zikichoka gari linakaa chini, na likikaa chini magurudumu ya mbele hulala juu kuelekea ndani. Hapo upande wa ndani ndio unabeba uzito. Kidali, ukiweka vidole kati ya tairi na bodi, mbele kushoto na mbele kulia, ni sawa?

Halafu kuhusu mtumba, msidhani ni sisi tu. Huku Uingereza wanauza tairi zilizotumika, ila sheria inataka zipigwe muhuri wa PART-WORN na kashata zisipungue milimita 2. Na bado madukani unakuta za hovyo. Mimi nilipofika nilinunua mbili kwa mtaa wetu, nikafurahi, wiki ya pili fundi akanionyesha kiraka karibu na ubavu. Tangu hapo nanunua mpya ya bei ya chini, hata kama chapa siwezi kuitamka.

#41 Kidali wa Goba
Nimepima kwa vidole. Kulia vidole vinne vinapita. Kushoto vitatu na kidogo. Hii ina maana?

#42 Dereva wa Usiku
Upande wa kushoto ndio unaokula mashimo ya pembeni mwa barabara. Ulishawahi kuingia shimo kubwa?

#43 Kidali wa Goba
Mkuu naishi Goba. Labda uniulize siku ambayo sikuingia.

#44 Msukuma Pikapu
Wakuu mimi nina wazo tofauti. Pandisha saizi. Mimi Vitz yangu nimefunga 185/70R14, imeinuka, mashimo siyasikii na tairi zinapatikana kirahisi.

#45 Mwalimu wa Hesabu
Twende taratibu. 165/70R14 ina kimo cha karibu milimita 587. 185/70R14 ni karibu 615. Umeongeza asilimia karibu 5. Spidi ikisoma 100, wewe uko karibu 105. Gari limeinuka milimita 14 tu, na ukikata usukani mpaka mwisho tairi litakwaruza plastiki ya ndani. Halafu injini ya cc 1000 inazungusha gurudumu zito zaidi kupanda vilima vya Goba.

Ukitaka kupanda kidogo, 175/70R14 ni kimo cha 601 hivi, asilimia mbili na nukta. Wengi wanaifunga. 175/65R14 ni 583, karibu sawasawa na ya kwako, na mara nyingi madukani iko nyingi kuliko 165/70, kwa hiyo bei unaweza kubishana nayo.

#46 Msukuma Pikapu
Kwaruza linakwaruza kweli. Nilidhani ni beringi.

#47 Jamaa wa Donholm
#46 aki umeniua.

#48 Chapa Lapa
Mnamshauri 175/65 lakini bado hamjamwambia anunue nini. Mimi nasema kwa laki nne chukua mtumba nne zisizo STUDLESS, tarehe ya karibuni, chenji unakula kuku.

#49 Mama Wawili
Nne za nini? Za nyuma ni 0818, hana shida nazo bado, ingawa umri unamtazama. Michelin wenyewe wanasema baada ya miaka mitano tairi likaguliwe kila mwaka, na mwisho ni kumi. Anunue MBILI mpya sasa, za nyuma azikague, mwakani azibadilishe. Linglong, Westlake, Sailun, chochote chenye tarehe nzuri. Ila neno "mpya" lisikulevye. Dukani tairi linaweza kuwa halijawahi kuguswa na barabara na lina miaka minne kwenye rafu. Hapo unashusha bei au unaondoka.

Na usiniulize chapa gani ni bora. Langu la mwaka jana, jipya la wiki tatu, lilitoa jipu ubavuni baada ya shimo moja la Mbezi. Lingekuwa la chapa yoyote lingetoa.

#50 Dereva wa Usiku
Kuna namba inaitwa TREADWEAR ubavuni, 300, 400, 500. Kubwa ndiyo inadumu. Angalia hiyo.

#51 Mwalimu wa Hesabu
Iangalie kwa jicho moja. Kiwanda ndicho kinachojipa hiyo namba baada ya jaribio. 400 ya kampuni moja si lazima iishinde 360 ya nyingine. Inafaa ukilinganisha tairi mbili za kiwanda kimoja.

#52 Kijana wa Jang'ombe
Akinunua mbili afunge mbele au nyuma?

#53 Fundi Asiyelipwa
Mbele. Vitz inavuta kwa mbele, inakata kona kwa mbele, na breki kubwa iko mbele. Mtoto mdogo anajua.

#54 Mbongo wa Leeds
Nyuma! Watengenezaji wa tairi wanashauri nyuma. Mbele zikiteleza kwenye maji unasikia usukani umekuwa mwepesi, unaachia mafuta, gari linarudi. Nyuma zikiteleza gari linageuka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

#55 Fundi Asiyelipwa
Hiyo ni kwa kilomita 110 kwa saa huko kwenu. Foleni ya Mwenge tunateleza wapi?

#56 Mbongo wa Leeds
Mvua ya masika, unashuka kilima cha Goba, breki kwenye kona. Hapo hapo.

#57 Dereva wa Usiku
Nimekaa nyuma ya usukani miaka minane na sijui nani yuko sahihi hapa. Mimi naweka mbele, mke wangu nikimwekea naweka nyuma.

#58 Bwana Mizaha
#57 hiyo ni mapenzi au bima?

#59 Kidali wa Goba
Wakuu, mrejesho. Jumamosi nilikwenda Gerezani na tochi yangu. Duka la kwanza waliniletea mbili "mpya kabisa", nikasoma 2221, nikarudisha. Muuzaji akauliza "wewe ni trafiki?" Duka la tatu nikapata 165/70R14 ya Kichina, 1125, yaani Machi 2025. Walianzia laki na arobaini, tukamalizana laki na ishirini na tano. Mbili: 250,000.

Tairodi endi zote mbili zilikuwa zinacheza (Fundi hongera). Pamoja na ufundi, elfu 50. Kisha mashine ya alaimenti, elfu 25. Jumla 325,000. Ada ya mtoto imesalimika kwa 75,000.

Ila sasa: kijana wa mashine amenipa karatasi. Ncha za mbele zilikuwa zimefunguka nje kweli, amezirudisha. LAKINI gurudumu la kushoto limelala juu kuelekea ndani kuliko la kulia, na anasema kwenye Vitz hapo hapana nati ya kurekebisha. Ameniambia "ni shokapu imepinda, au springi, au bodi". Yaani ameniambia kila kitu.

#60 Fundi Asiyelipwa
Kijana yuko sawa, kiwandani hawakuweka marekebisho hapo. Kuna bolti maalumu unaweza kufunga chini ya shokapu zikakupa nafasi kidogo. Lakini kwanza tulinganishe shokapu ya kushoto na ya kulia. Ikiwa imepinda kwa shimo, bolti itakuwa inaficha ugonjwa.

#61 Mbongo wa Leeds
Springi. Vidole vitatu na kidogo. Sisemi zaidi.

#62 Mama Wawili
Kwa hiyo kulia nako kuliisha ndani kwa nini, kama ni kushoto tu ndiko kulikolala?

#63 Fundi Asiyelipwa
Tairodi.

#64 Mbongo wa Leeds
Na zile tairi zilizokuja na gari, kabla raki haijaguswa?

#65 Dereva wa Usiku
Vilima.

#66 Kijana wa Jang'ombe
Mimi bado nasema upepo umo.

#67 Kidali wa Goba
Nimezifunga mbele. Msinipige. Nitapima kwa njiti kila mwisho wa mwezi, ndani na nje, kushoto na kulia, niwaletee hapa. Za theluji nimezifungua, ziko kibarazani.

#68 Mbongo wa Leeds
MBELE. Haya. Mungu akulinde masika.

#69 Mzee Kabati
Kijana, hizo za kibarazani usiuze kwa mtu. Zikiingia sokoni zitapakwa dawa nyeusi zimfikie mwingine. Kuna mzee hapa Kijitonyama anakata katambuga, mpira laini anaupenda, kisu kinapita.

#70 Bwana Mizaha
Katambuga za theluji! Mmasai atateleza mpaka Hokkaido.

#71 Msukuma Pikapu
Nimerudisha 175/70. Makelele yameisha. Wakuu, nina na kirikuu, kile kipikapu kidogo cha mizigo, 145R12, ply 6, yaani tabaka za uimara. Dukani wameniletea za gari dogo saizi hiyo hiyo, ply 4, nafuu elfu 30. Zinafaa kubebea mchele?

#72 Mwalimu wa Hesabu
#71 hapana. Mchele kilo ngapi?